Bwawa Lisilo na Ruba

Ofisi imenipa termosi, kitenge na hotuba ndefu, basi nimekuwa mstaafu. Termosi inavuja. Hotuba ilisema nimetumikia maendeleo ya samaki kwa moyo wote, maneno ambayo samaki wenyewe wangeyacheka kama wangepewa nafasi. Ninyi vijana mliobaki kwenye huduma mliniomba niwaandikie magonjwa ya samaki na dawa zake. Magonjwa mtayasoma vitabuni. Mimi nitawaandikia habari za bwawa moja, la Mama Masika, kwa sababu lile halikuwa ugonjwa, na kwa sababu naogopa mtakutana na mengine ya namna ile. Naandika Kiswahili cha shuleni kama nilivyofundishwa, lakini watu nitawaacha waseme walivyosema; “njo” yao ni “ndiyo” ya shuleni.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Butembo, nilifika na viatu vya mpira vipya vya kiume, maana vya kike havikuwepo sokoni. Chef wangu, yaani mkuu wangu wa kazi, alikuwa Mzee Katembo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa amechimba mabwawa katika kila bonde kuanzia mjini hadi Kasugho. Aliviangalia viatu, kisha akaniangalia mimi.

“Toa hiyo bottes,” akasema. “Maguu yako njo itakuambia habari ya maji. Bottes haisemake kitu.”

Nikaingia pekupeku, tope likanifika magotini. Nilipotoka, ruba walikuwa wananing'inia miguuni, weusi, wanene, wameshiba damu yangu. Nilipiga kelele hadi wanaume waliokuwa wanakata nyasi kwenye tuta wakakaa chini kwa kucheka. Mzee Katembo hakucheka. Alitoa chumvi mfukoni, akawanyunyizia mmoja mmoja mpaka wakaachia.

“Furahi, Kyakimwa,” akasema. “Kama ruba iko, maji iko na uzima. Siku utaingia mu étang na utatoka musafi, siku ile njo ulie.”

Niliona ni maneno ya mzee anayetaka kumtuliza msichana. Nikavaa viatu vyangu, nikanuna hadi jioni.

Vyombo vyangu vya kazi havikuwa vingi, na vingine nilizaliwa navyo. Mkono: unauzamisha kiganja kikiwa juu, na kama kiganja kinapotea maji yakifika kwenye kiwiko, basi maji ni ya kijani vya kutosha na samaki wana chakula. Pua: tope zuri linanuka shamba, tope baya linanuka yai. Kipande cha sabuni: ukikisugua kwenye maji yetu ya milimani kinatoa povu upesi, maana maji ni laini, hayana chokaa. Kumbukeni hilo la sabuni, lina maana huko mbele. Kuhusu mizani ya ofisi sisemi kitu. Ilikuwa inampa kila samaki uzito ule ule.

Kwa kuwa maji ni laini na tope letu lina uchachu, bwawa linahitaji chokaa. Chokaa ya kiwandani ni ghali na inatoka mbali, kwa hiyo tangu zamani tunatumia majivu ya jikoni. Ukishavuna na bwawa likiwa tupu, unanyunyiza majivu juu ya tope mpaka linakuwa jeupe kama sakafu ya kinu cha unga. Nimefundisha hivyo miaka yote, na mtu akiniuliza leo nitamwambia vile vile. Majivu ya jikoni hayana kosa lolote.

Nilikuwa na mabwawa mazuri upande wa Mbau pia. Hayo sitayasimulia sana. Wenyewe walikimbia vita, wengine vita viliwakuta kabla hawajakimbia, na maji yakaendelea kuingia na kutoka bila mtu. Mara moja nilipita pale katika msafara wa malori ya kwenda Oicha, nikaona tuta limebomoka na matete yamesimama katikati ya bwawa ambalo nililipima mimi mwenyewe kwa kamba. Dereva hakupunguza mwendo, na mimi sikumwomba apunguze. Baada ya hapo kazi yangu ilibaki zaidi kwenye mabonde ya Butembo, na hivyo ndivyo nilivyomzoea Mama Masika.

Mama Masika alikuwa mjane, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, na bwawa lake lilikuwa chini kidogo ya parcelle yake, kiwanja cha nyumba. Alilifanyia kazi pamoja na mamas wa kanisa. Samaki wakubwa waliuzwa. Wale wadogo ambao hawafai sahani walikaushwa juu ya moto, wakatwangwa wazima, pamoja na mifupa na vichwa, wakachekechwa, ukapatikana unga wa kuchanganya kwenye uji wa watoto waliovimba matumbo kwa njaa. Unga huo ulisifiwa na kila mtu, na kwa haki kabisa. Niliona watoto wameinuka kwa uji ule. Mjukuu wake Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, alilelewa pale kwa bibi kwa sababu mama yake alikuwa anafanya biashara Kasindi, mpakani na Uganda. Alikunywa uji ule asubuhi na jioni.

Baba yake Neema ni Kasereka, mtoto wa Mama Masika. Kasereka alikuwa ananunua betri za magari zilizokufa, anazivunja, anayeyusha plomb iliyo ndani, kisha anaimimina kwenye vishimo vya udongo kutengeneza vile vipande vizito vya kuzamisha nyavu. Wavuvi wa ziwani walivipenda. Vitabu vinaita madini hayo risasi, lakini kwetu huku neno hilo lina kazi nyingine na linatuchosha tayari, kwa hiyo mimi nitasema plomb kama yeye. Moto wake ulikuwa juu ya parcelle, nyuma ya jiko la mama yake. Moshi ulikuwa unakwaruza koo. Nilimwambia hivyo mara nyingi, na kila mara alinijibu kwamba hata moshi wa maharage unakwaruza.

Basi asubuhi moja Mama Masika akanipigia simu, mimi ambaye wenye mabwawa waliniita Mama Samaki.

“Mama Samaki, kuya mbio! Samaki yangu iko na mikia nyeusi. Bantu banasema jirani ameniloga.”

“Jirani hana muda wa kupaka mikia rangi,” nikamwambia. “Inakufa?”

“Ingine inakufa. Ingine inazunguka tu kama mulevi. Mama, kuya!”

Nilikwenda nikidhani ni hewa. Maji yakikosa hewa, samaki wanapanda juu alfajiri kutafuta pumzi, na dawa yake ni kuingiza maji mapya na kuacha kutupa samadi kwa muda. Lakini hawa hawakuwa juu. Walikuwa pembeni, wanaogelea kwa upande. Niliwavua kadhaa kwa wavu mdogo. Mikia ilikuwa myeusi kuanzia katikati ya mwili kwenda nyuma, kama imechovywa. Wengine walikuwa wamepinda mgongo. Nilipowafunua mashavu, nyama ya ndani iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa imepauka, na juu yake kulikuwa na ute mzito, mweupe, unaovutika. Samaki wa namna hiyo anakosa pumzi hata kama maji yamejaa hewa. Viluwiluwi vya chura vilikuwa vimelala kwenye tope; ukivigusa vinasogea kidogo na kulala tena. Nikatafuta konokono kwenye nyasi za ukingo, wale wadogo ambao siku zote nawafagia kwa mkono. Sikupata hata mmoja.

Nilikuwa nimeingia pekupeku, kwa mazoea. Nilipotoka nikajifuta miguu, nikaiangalia, nikaiangalia tena. Safi. Hapakuwa na ruba. Mzee Katembo alikuwa amekufa zamani, lakini niliisikia sauti yake ile ya kukwaruza: siku ile njo ulie.

“Nani amemwaga dawa humu?” nikauliza. “Dawa ya kahawa, dawa ya viroboto, chochote?”

“Hapana mutu, Mama. Nakuapia.”

Mama Masika alikuwa na bata pia. Mmoja alikuwa amekaa chini ya mti wa parachichi, mabawa yameanguka ubavuni, shingo imepinda, hataki hata mahindi. Nilimwomba nimchinje. Akakubali kwa shingo upande, maana alikuwa bata wa mayai. Nikapasua firigisi. Ndani, katikati ya mchanga na majani, mlikuwa na punje za kijivu, laini, zinazong'aa zikikwaruzwa. Nikachukua moja nikaisugua kwenye karatasi ya sabuni. Ikaandika mstari, kama penseli.

“Mama Masika,” nikasema, “nionyeshe majivu unayomwaga bwawani.”

Akanipeleka, lakini si jikoni. Alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye moto wa Kasereka, penye lundo kubwa la majivu ya kijivu.

“Hii?”

“Njo hii. Sasa ni misimu kama mitatu natumia hii. Ile ya jikoni inarukaka na upepo, nusu inabaki mu nguo yangu. Hii iko mazito, inashuka yenyewe mpaka chini. Nikasema hii njo iko na nguvu.”

Nilienda jikoni nikachota majivu ya kawaida kwenye kiganja cha kushoto, nikarudi nikachota ya Kasereka kwenye cha kulia. Nikapuliza. Ya kushoto yaliniingia machoni. Ya kulia yalibaki palepale, yamelala.

Kasereka alikuwa amesimama pembeni na koleo lake, nguo imemfunika pua.

“Povu inayopanda juu ya plomb ukiiyeyusha, unaitupa wapi?” nikamuuliza.

“Hapo, mu majivu. Ile haiko na kazi.”

“Na mama yako unamuona anachota?”

“Yeye mwenyewe aliniomba, Mama Samaki! Majivu ni majivu. Ni ya bure. Ningemukatalia namna gani mama yangu majivu?”

Ni kweli, nani anamnyima mama yake majivu? Na maji yetu, yale ambayo sabuni inapenda, hayana ndani yake cha kuikamata plomb. Kwenye maji yenye chokaa nyingi ingepungua ukali. Kwetu inabaki na meno yake yote, na tope tulilotaka kuliponya ndilo lililokuwa linaitunza.

Lakini kujua kwa firigisi ya bata siyo kujua. Nilitaka kipimo, na kipimo kilikuwa Kampala. Huko nyuma nilikuwa nimemfundisha kazi ya bwawa Papa Swalehe, Mwislamu wa Beni mwenye malori, mtu wa maneno machache na vicheko vichache zaidi. Nilimpa glacière, sanduku la barafu, yenye samaki, tope na majivu, akaipakia kwenye kabini karibu na dereva, akaenda nayo mwenyewe. Nilimsubiri kwa roho juu. Aliporudi akanisimulia ya Kasindi, kwa watu wa forodha.

“Mudouane alinizuia siku mbili. Anasema samaki hapana kupita bila karatasi ya veterinaire. Barafu ikaisha, nikaenda kuomba ingine kwa bamama ya samaki ya mpakani. Siku ya pili nikamwambia: Bon, kaka, basi uikule weye, ni ya sumu. Njo akaniachilia.”

“Na weye ulimwambia kwa uso huo huo?”

“Miye sina uso mwingine,” akasema Papa Swalehe.

Jibu lilikuja kwa simu, nikiwa nimekaa uani kwa Mama Masika. Bwana wa maabara alikuwa mpole. Alisema plomb ipo, na ipo nyingi. Kwenye nyama kidogo, kwenye mashavu na ini zaidi, na kwenye mifupa ndiko imejikusanya hasa, kwa sababu mfupa unaipokea plomb ukidhani ni chokaa. Nilimshukuru. Nilibaki na simu mkononi.

“Amesema nini?” Mama Masika akauliza.

“Ni plomb. Samaki yote tutaifukia.”

“Ni hasara, mais tutaanza tena.” Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka na bakuli lake, uji umempaka mpaka nywele. Bibi yake alimwangalia, akaniangalia. “Na poudre ya uji?”

“Poudre iko na mifupa, Mama Masika.”

Alikwenda akamnyang'anya mtoto bakuli. Neema akalia kwa hasira. Mama Masika akaketi juu ya kinu kilicholala, bakuli mapajani.

Kazi iliyofuata naieleza kwa urefu kwa sababu mnaweza kuihitaji. Msifungue moine, mlango wa kutolea maji, ya bwawa la namna hiyo, hata mkisihiwa. Maji yatakwenda kwenye mabwawa ya walio chini na mtakuwa mmegawa sumu kwa majirani. Sisi tulifunga maji yanayoingia, wanaume wakachota kwa ndoo wakamwaga kwenye mikaratusi, na jua likamaliza. Samaki tuliwafukia shimo refu, na kabla ya kufukia nikamimina juu yao mafuta machafu ya injini, pipa zima, alilolileta Papa Swalehe. Watu wana njaa, na shimo la samaki linafukuliwa kabla hujanawa mikono. Mama mmoja alisimama ukingoni na beseni.

“Mama Samaki, hata moja? Nitatoa mifupa yote.”

“Hata moja.”

“Uko na roho mubaya, weye.”

Labda ninayo. Nilimimina mafuta huku ananiangalia. Nilisikia uchungu ambao hakuna hotuba ya ofisi ingeweza kuutaja, maana wale vifaranga wa samaki niliwaleta mimi, kwenye ndoo, juu ya pikipiki, nikiwabadilishia maji njia nzima.

Unga tuliufuata nyumba kwa nyumba pamoja na mamas wa kanisa. Wengine walitupa vifuko vyao bila neno. Wengine walisema umeisha, na ukiangalia midomo ya watoto unajua umeisha kweli. Watoto wengi walikuwa wameula kwa muda mfupi tu, na walikua vizuri, namshukuru Nyamuhanga, Mungu wetu. Aliyeula kila siku, misimu yote, alikuwa Neema, na yeye pia ndiye aliyekuwa akicheza karibu na ule moto. Tulimpeleka hospitali, daktari akatuma damu yake kwa njia ile ile ya Kasindi. Jibu likasema ipo, kuliko inavyofaa kuwa ndani ya mtoto. Dawa ya kuitoa haikuwepo mjini. Daktari alisema ale vizuri, akae mbali na moto, na tungoje tuone. Alisema pia kwamba kama mtoto atachelewa kujifunza, hakuna atakayeweza kuapa kwamba ni plomb. Wako watoto wanaochelewa bila sababu. Alikuwa mkweli, nikamheshimu kwa hilo.

Kasereka aliuzima moto wake siku ile ile, akazoa lundo lote likafukiwa mbali na maji. Miezi ikapita. Kisha nikasikia ameuwasha tena upande mwingine wa mji, kwa sababu nyavu hazizami zenyewe na yeye hana kazi nyingine. Mtasema sikumchukia. Nilimchukia sana, na bado kidogo. Nilikwenda huko nikamwonyesha mahali pa kutupa yale mapovu, mbali na mto, kisha nikarudi nyumbani nimekasirika.

Tangu hapo kila penye bwawa nililofika, kabla ya kuuliza habari za samaki, niliomba kuona majivu. Nilikuwa nachota, napuliza. Watu walinicheka, wakaniita mama wa kupuliza. Ninyi pia pulizeni. Yasiporuka, yasiingie majini, hata kama mwenyewe anaapa yametoka chini ya sufuria yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kumuaga Mama Masika. Bwawa halikujazwa tena. Ni nyasi tupu, isipokuwa kona moja ambapo maji yanachuruzika na kutuama. Nilivua viatu nikaingia pale, nikasimama kwa muda. Nikatoka msafi. Mama Masika alikuwa ananitazama kutoka juu, na hakuniuliza natafuta nini.

Tulikaa jikoni. Neema ni msichana mrefu sasa, mwenye tabasamu la upesi, na anasoma darasa moja na wadogo zake. Bibi yake akamtuma kuni ili tubaki wawili.

“Anasahau, Mama Samaki. Mwalimu anamufundisha asubuhi, saa sita imeisha mu kichwa. Anapenda masomo, vraiment anapenda. Analia.” Akasogeza kuni motoni. “Weye unajua? Alikuwa anachoka na ule uji. Mara ingine anafunga kinywa. Miye nikamushika shavu, nikamukaza amalize. Bakuli yote. Kila siku nikamukaza.”

Nilimshika mkono.

Neema alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea mfuko. Alinisimulia habari za mbuzi wao kwa furaha. Tulipofika kwenye pikipiki nikamwambia, “Umwambie bibi yako nitarudi siku ya soko, na asinipikie.”

“Siku ya soko, na asikupikie,” akasema. Akaondoka akirudia kwa sauti, siku ya soko, asikupikie, siku ya soko, asikupikie, anatembea taratibu kama aliyebeba maji yaliyojaa. Kwenye kona akanyamaza. Akasimama. Akageuka kuniangalia, mkono umeshika kichwa, na tabasamu lile bado liko usoni.

Sikungoja aniulize. Nilishuka kwenye pikipiki, nikarudi nikamshika mkono, tukaenda kumwambia bibi yake pamoja.